Shangazi wa Jikoni: Mume Hali Kiporo, Mkwe Yuko Njiani

Barua za safari hii zimemfikia Shangazi zikinuka vitunguu, na moja ina doa la mafuta pale ilipopaswa kuwa sahihi. Karibu zote zinaanza na shikamoo, zinalaumu bei ya gesi, kisha zinatua kwenye sufuria ya jana. Marahaba, anasema Shangazi, na anafungua iliyo nzito kwanza.

Mwandishi wake anajiita Mke wa Bwana Mkubwa, wa Mbagala. Jumapili alipika wali wa watu kumi, wakaja watatu. Sasa nusu sufuria ya wali mweupe imo kwenye friji, na mumewe ametangaza kwamba yeye kiporo hali, kwao hakijawahi kuliwa. Anataka pilau.

Shangazi ana swali moja tu: huyu bwana, mwezi wa Ramadhani, hugusa mkate wa kumimina? Kama hugusa, basi huenda kiporo amekila miaka yote na mpishi akamsifu. Wapishi wengi wa pwani huloweka mchele usiku kucha, na wanapousaga hutia wali kidogo uliokwisha kupikwa ili mkate uwe laini. Vikombe viwili vya mchele ulioloweshwa, nusu kikombe cha wali, tui zito, sukari, hamira na iliki. Vyote vipite kwenye blenda mpaka kusibaki chenga. Uji huo uachwe uumuke, umiminwe kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, upikwe kwa moto mdogo chini na makaa juu ya mfuniko. Bwana atakula vipande vitatu na kuuliza kama kuna kingine. Asiambiwe kitu.

Wali unaosalia ukaangwe siku hiyohiyo kwa kitunguu, karoti, hoho, binzari na yai la kuvuruga. Kwa kazi hii wali uliolala kwenye friji unaushinda wa moto: punje zake zimekauka na kuachana, hazigandi kwenye kikaango. Mumewe akiuita pilau, asirekebishwe.

Hapo Shangazi anavua miwani. Amesema friji, wala si sufuria iliyoachwa juu ya jiko mpaka asubuhi. Kuna bakteria, wataalamu huwaita Bacillus cereus, ambao mbegu zao haziuawi na mchemko wa kawaida wa wali. Wali ukikaa na uvuguvugu wake kwa saa nyingi, mbegu huamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo ya kutapisha haiondoki hata wali upashwe moto mpaka ufuke moshi. Anayeila anaweza kuanza kutapika kabla saa sita hazijapita. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kwa hiyo wali wa kulaza utandazwe kwenye sinia upoe upesi, kisha uingie kwenye friji. Nyumba isiyo na friji, au yenye friji ambayo umeme wake huja kama mgeni, ipime mchele kabla ya kuosha: kikombe kimoja hutoa karibu vitatu vya wali. Wali wa nazi ndio usiolazwa nje kabisa, maana huo huchacha mapema.

Barua ya pili inatoka kwa Kapera wa Chumba Kimoja, Tandale, ambaye ugali wake wa jana umekakamaa. Ana vijiko viwili vya mafuta, kitunguu, nyanya mbili na dagaa wa kufunga kwenye gazeti. Anauliza kama aende kwa mama lishe akakope.

Asiende. Wanga wa ugali ukipoa hujipanga upya na kukaza, na huko kukaza ndiko kunakotakiwa. Kama aliuhifadhi vizuri, aukate vipande vyembamba, avinyunyizie chumvi na pilipili, avikaange mpaka viwe rangi ya dhahabu pande zote mbili. Kaskazini mwa Italia, ambako mahindi yalifika kutoka Amerika kama yalivyofika kwetu, watu hupika ugali wao uitwao polenta, na unaobaki huukata na kuukaanga hivihivi. Huko mgahawa hukuandikia bei yake bila aibu. Dagaa, hasa wa Mwanza, wengi wao hukaushwa juu ya mchanga, kwa hiyo atoe vichwa, awaoshe kwa maji vuguvugu mara kadhaa mpaka chini ya bakuli kusibaki chembe. Awakaange wakauke kwanza, ndipo aongeze kitunguu na nyanya. Akianza na nyanya atapata uji wa samaki, na hapo hata mama lishe hataweza kumsaidia.

Aliyedanganywa, wa Arusha, ana miaka kumi na moja na mwandiko mzuri. Anashitaki kwamba alifungua kopo la aiskrimu kwenye friza akakuta maharage. Halafu akafungua kopo la pili.

Shangazi anampa pole ya dhati, kisha anamtetea mama. Maharage makavu hula mkaa au gesi kwa saa nyingi, kwa hiyo mwenye akili huyaloweka usiku, huchemsha kilo nzima kwa mara moja na kugawa. Mama huyu asahihishwe jambo moja tu, kama bado halifanyi: agandishe maharage matupu na maji yake, bila tui wala viungo, na aache nafasi juu ya kopo kwa sababu maji yakiganda huvimba. Maharage ya namna hiyo hayajachagua upande. Jumatatu yaungwe kwa nazi, Jumatano yachanganywe na mahindi yawe makande, Ijumaa yapondwe pamoja na viazi vilivyobaki. Mtoto naye aandike kwenye kila kopo kilichomo, kwa kalamu ya wino usiofutika. Kesi imefungwa.

Barua ya nne ni fupi, na Shangazi hakuicheka. Mbana Matumizi, wa Dodoma, ana debe la mahindi yaliyopata ukungu. Anauliza kama akiyaosha, akayaanika na kuyasaga, ugali utafaa kwa familia au angalau kwa uji wa watoto.

Hapana. Kuvu wa aina hiyo wanaweza kuacha sumukuvu ndani ya punje, na moto wa jikoni hauitoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Mahindi hayo yasiliwe na mtu, yasipewe kuku wala ng'ombe. Ubanaji matumizi una mpaka, na mpaka wenyewe umo kwenye hilo debe.

Mwenye Ndizi Nyeusi, wa Bukoba, anajibiwa haraka: ndizi ndogo tamu zilizoiva kupita kiasi azivunje, azikande na unga wa muhogo bila kuongeza maji, asukume, akate duara, akaange. Waganda wanaziita kabalagala na huuza barabarani kutwa.

Ya mwisho haikuwa barua, ilikuwa simu. Mama mkwe amefika Kibaha na anakuja Ubungo. Nyumbani kuna chapati nne za jana, mayai matatu, kitunguu, kabichi robo. Kuku hakuna.

Shangazi alimtaka binti aache kulia na awashe jiko. Apige mayai na kitunguu na kabichi iliyokatwa nyembamba, amimine kwenye kikaango, afunike kwa chapati, ageuze, akunje. Huko Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, wanafunzi hushiba kwa mlo huo. Chapati ya nne aikatekate na kuikaanga ikauke, iende mezani na chai ya tangawizi kabla mgeni hajavua viatu, kwa sababu mkwe mwenye kitu mdomoni haulizi mengi. Akiuliza kuku yuko wapi, aambiwe yuko Kibaha: alipita naye sokoni bila kumnunua.