Kidonge Kisichotaka Mwenza

Siku hizi saa ya chai nyumbani kwangu inapangwa na kidonge. Si kile kikubwa cha kukwama kooni, la; dawa yake hupimwa kwa maikrogramu, na nisipokuwa makini kinapotelea kiganjani. Lakini wivu wake! Hakitaki mwenza tumboni. Nikimeze kwa maji matupu, halafu nikae nusu saa, ikiwezekana saa nzima, bila kutia kitu kinywani. Chai ya maziwa hakipatani nayo. Kahawa vilevile. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu ndiyo kabisa, hivyo vikae mbali nacho kwa muda wa saa nne. Basi mimi nimejikunyata jikoni, iliki inanukia, maandazi yameumuka, na mume wangu anachovya bila haya huku akiniuliza kama nina njaa.

Kinaitwa levothairoksini. Ni homoni ile ile ambayo tezi ya thairoidi, hapa shingoni, ilitakiwa kunitengenezea bure, bila foleni wala risiti. Yangu imechoka, na haikuaga. Nilijikuta nimevaa sweta Dar es Salaam mwezi wa pili, wenzangu wakijipepea kwa khanga. Ngozi ikakauka, sauti ikawa nzito, uzito ukapanda na kula sili. Ukoo ukatoa majibu kabla ya maabara: wifi alisema uvivu, shangazi akasema uzee, jirani akasema nimetupiwa kitu. Damu ilipopimwa, TSH ikaonekana iko juu. Yaani tezi iliyo chini ya ubongo inaipigia kelele ile ya shingoni, nayo haiitiki.

Sasa nimepungua kidogo, na kidonge kimepata wapenzi. "Shoga, nigawie viwili vitatu na mimi nitoe tumbo." Jamani! Homoni hii ikizidi, moyo unakwenda mbio hata kupoteza mdundo, mikono inatetemeka, usingizi unahama na mifupa inadhoofika. Daktari mwenyewe ananiongezea kwa kunyatia, kisha anasubiri wiki sita hivi ndipo apime tena.

Kinachoniuma zaidi ni historia. Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimdunga mgonjwa wake maji yaliyotolewa kwenye tezi ya kondoo, na mama yule akaishi zaidi ya miaka 25 baadaye. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba tezi hiyo inaweza hata kuliwa. Daktari mmoja akaagiza ikaangwe kidogo, ikatwekatwe, iliwe na jeli ya matunda. Dawa ikawa kitafunwa! Mwaka 1927 homoni ikatengenezwa maabara, kipimo kikawa cha uhakika, nami nikanyimwa andazi. Najua, tezi ya kondoo haitabiriki, leo homoni tele, kesho haba. Najua. Lakini saa kumi na mbili asubuhi ukweli haushibishi.

Nilipomlalamikia muuguzi, akanipa njia nyingine: nikimeze usiku, zikipita saa tatu nzima tangu chakula cha mwisho. Muuguzi huyo hajawahi kulala kwetu. Wali unapakuliwa saa nne, wageni wanaaga saa tano na kuanza mazungumzo upya mlangoni, na saa sita mume wangu ndiyo kwanza anamenya embe, ananikatia kipande na kuapa kwamba embe si chakula.