Pongezi kwa Nukta Nyeupe

Wenye roho ya korosho wanadai NASA ilipoteza chombo chake, Mars Polar Lander. Uzushi mtupu. Desemba 3, 1999 kilifika Mirihi siku ileile iliyopangwa. Salamu tu ndizo hazikurudi. Uchunguzi ulisema yaelekea mtikisiko wa miguu ilipokunjuka uliiaminisha kompyuta kwamba wameshatua, nayo, mtiifu kuliko karani wa wilaya, ikazima injini zikiwa zimebaki mita kama 40. Nani tena siku hizi anamaliza kazi kabla ya muda? Ndugu yake Climate Orbiter alikuwa ameangamia Septemba kwa wataalamu kuchanganya vipimo vya Kiingereza na vya metriki, kwa hiyo huyu angalau alikuja na sababu mpya.

Utafutaji nao ulikuwa wa kupigiwa makofi. Mwaka 2005 ikatangazwa nukta nyeupe pichani: huenda ni parachuti! Na kinukta cha pembeni, huenda ndicho chombo chenyewe. Mwaka huohuo ikapigwa picha kali zaidi. Parachuti ikawa mteremko wa kilima uliopigwa na jua. Chombo kikawa chengachenga za kamera.

Wabezaji wacheke. Kwa Mirihi nzima, kilima kimoja tayari kimeshakaguliwa.