Huo Mti Si Mgumba: Ndoa Tano za Usukumani

Kuanzia Shinyanga hadi Geita, mti usiozaa huitwa mgumba na dawa yake ni shoka. Ngojeni kwanza! Mara nyingi umekosa mwenza, au mshenga wa kuleta chavua. Tuhesabu kushuka, tukimalizia na ule unaoonewa zaidi.

5. Mplamu. Huyu ni bibi harusi wa Lushoto, apenda baridi. Aina nyingi za plamu hazishiki tunda kwa chavua yake yenyewe. Zataka aina nyingine jirani, ichanue wakati uleule. Ukiupanda mmoja Kahama, umemwoza kwa jua. Tupite.

4. Mwembe. Kishada kimoja hubeba mamia ya maua, mengi yakiwa dume. Katika kila 100, hata moja kufika embe bivu ni bahati. Na mshenga ni nzi, yuleyule unayemfukuza mezani! Nyunyiza sumu mwembe ukiwa umechanua, kisha uandae hela ya embe za jirani.

3. Mbuyu. Ua hufunguka jioni, jeupe, na kesho yake linanyauka: fungate ya usiku mmoja. Mgeni rasmi ni popo. Enyi mnaompiga mawe mkimwita mchawi, ubuyu wa watoto mtaupata kwa nani?

2. Mchongoma. Kuupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Lakini ngoma kubwa ni kungoja uzae kumbe ni dume. Kwa kawaida mti dume na jike huwa mbalimbali.

1. Mng'ongo. Hapa ndipo roho inaponiuma. Jike huzaa ng'ongo, dume hutoa chavua tu, na kwa kosa hilo huangushwa na kuchongwa vinu. Madume yakiisha, majike yanachanua bure, nyuki hana cha kubeba, nasi tunalaumu mvua. Shinyanga haikustahili kusahau gharama ya shoka. Miti ilipopungua, Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huu jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), wananchi wakafufua ngitili, yaani malisho yaliyotengwa yapumzike, hadi zaidi ya hekta 300,000. Humo ndimo nyuki wanamojenga.

Basi, ndugu zangu, mng'ongo ukichanua yatazameni maua yake kwa karibu. Yakijaa chavua na hayana kitunda kichanga katikati, huyo ni dume. Ufungeni kitambaa shinani, na mwenye shoka aambiwe mapema.