Kamera Saba za Lupango, Kutoka ya Kuachwa Hadi ya Kununua Kwanza

Ukipita Kasungami, hapa Lubumbashi, siku hizi utaona kamera kwenye kuta za tofali ambazo hata plasta bado. Vizuri sana, yaya. Tatizo ni kwamba nyingi zimefungwa kana kwamba mwizi atashuka kutoka mbinguni. Tuhesabu kurudi nyuma.

7. Kileleni mwa paa. Utapata mabati ya jirani, miembe na utosi wa mwizi. Utosi haushitakiwi. Mita 2.5 hadi 3 zinatosha: mkono haufiki, sura inaonekana.

6. Ubavuni mwa balbu. Mvua zikianza, wadudu wote wa Annexe huhamia hapo, na buibui huwafuata. Asubuhi unatazama filamu ya buibui, tena ndefu. Sogeza taa pembeni, na kiangazi pangusa vumbi kwenye kioo.

5. Inayokodolea jua. Fundi akija na mchoro wa Ulaya, mrudishie. Sisi tuko kusini mwa ikweta: kiangazi jua letu la mchana linapita kaskazini, kwa hiyo kamera inayotazama kusini ndiyo inayoona raha.

4. Dirisha la jirani. Hapana! Jirani si mwizi, hata kama sufuria yako bado iko kwake. Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za watu binafsi. Na ukipiga kelele saa nane usiku, anayefika wa kwanza ni yeye.

3. Nyuma ya nyumba. Mbabula, magunia ya makala, jenereta: vyote viko huku, na ukuta wa huku ndio mfupi. Funga kwenye kona, mwizi akatize mbele ya kamera. Kihisi cha joto cha kamera hushika vizuri zaidi anayekatiza kuliko anayekuja moja kwa moja.

2. Chumba cha kinasa picha. Mwizi mjuzi hubeba kinasa chenyewe na ushahidi wote ndani, basi kisikae chini ya televisheni. Halafu kuna SNEL, shirika la umeme. Umeme ukikatika, kamera zote hulala, na usiku huo ndio mwizi anaousubiri. Piga hesabu: kamera nne za wati 5 na kinasa cha wati 10 ni wati 30, kwa saa kumi, wati-saa 300. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 50 ina 600, ila usiinywe zaidi ya nusu. Inatosha hadi alfajiri. Kamera ya tano isubiri, nunua betri.

1. Geti. Muuguzi Marie Van Brittan Brown wa Queens, New York, alilijua hili mapema. Polisi walichelewa kufika mtaani kwake, naye alikuwa akibaki peke yake usiku. Akabuni na mumewe Albert kamera ya mlangoni, yenye skrini chumbani. Hataza ilitoka tarehe 2 Desemba 1969. Walianza na mlango, si na paa!

Kumtambua mgeni kunataka pikseli kama 250 kwa kila mita. Kamera yenye pikseli 1,920 kwa upana inabeba mita 7 na ushei. Geti la mita 4 linaingia lote. Hii peke yake ifunge ndani, karibu na kimo cha uso, ikimtazama anayeingia. Kabla ya kumlipa fundi salio, zimeni taa, shemeji aingie kimyakimya. Fundi amtaje aliyeingia kwa kutazama simu tu. Akishindwa, salio libaki mfukoni hadi aihamishe.