Honda CG125 na Hatari ya Kupendwa

Miongoni mwa pikipiki zilizotumika Afrika Mashariki kabla ya enzi ya bodaboda, Honda CG125 ina sifa ya pekee, kwa kuwa ilipoingia sokoni mwaka 1976 ilikuwa imesanifiwa makusudi kwa ajili ya mtu asiyeitunza. Wasanifu wake, wakijua jinsi pikipiki ndogo zinavyoteswa katika nchi ambako oili hubadilishwa siku inapokumbukwa, hawakuiweka kemshafti, yaani mhimili wenye matuta unaofungua na kufunga valvu, juu ya silinda kama ilivyokuwa mtindo wa Honda nyingi za wakati huo, bali waliishusha chini karibu na kranki na kuacha fito mbili nyembamba zifanye kazi ya kuzisukuma valvu. Katika nchi nyingi iliuzwa pia ikiwa na cheni iliyofunikwa yote kwa boksi, ili mchanga usiifikie. Matokeo yake ni mashine ya silinda moja, yenye sentimita za ujazo 124 tu, iliyoweza kumbeba mwalimu, mke wake, mtoto na gunia la mkaa kwa miaka mingi bila kuonyeshwa spana. Jambo ambalo wasanifu hao hawakulitazamia ni kwamba ingefika siku pikipiki hiyo, baada ya kulala bandani pamoja na kuku tangu mwenyewe alipostaafu, ingeangukia mikononi mwa mtu anayeipenda.

Mtu huyo, ambaye hapa ataitwa mkarabati ili asichanganywe na fundi, ni mwenye kazi nyingine inayompa mshahara, na kazi hiyo kwa kawaida haihusiani na chuma. Tofauti kati yake na fundi si ujuzi peke yake. Fundi hufungua kilichoharibika, ilhali mkarabati hufungua kila kitu, kwa hoja isiyopingika kwamba maadamu tumeshafungua hiki, tufungue na kile. Ndiyo maana kazi iliyoanza asubuhi kwa nia ya kubadilisha plagi humkuta saa ya magharibi amekaa katikati ya ukumbi, amezungukwa na mikebe ya maziwa iliyojaa nati, huku wageni wakiombwa wapite kwa uangalifu.

Balaa la mwanzo huwa ni skrubu. Zile zinazoshikilia vifuniko vya injini za Kijapani za zamani zina alama ya msalaba kichwani, na kwa macho ya kawaida zinafanana kabisa na zile za bisibisi ya nyota inayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Kumbe zimechongwa kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho kwa kifupi JIS, ambacho umbo lake hutofautiana kidogo na la bisibisi hiyo, kiasi kwamba ncha haikai hadi chini, na inapozungushwa kwa nguvu hupanda juu na kula kichwa. Mkarabati asiyelijua hili huilaumu kutu, huongeza nguvu, na baada ya muda mfupi ule msalaba hugeuka kishimo cha duara, laini na king'aacho, kisichoshikika kwa kitu chochote. Hapo ndipo inapoazimwa bisibisi ndogo ya cherehani ya mama watoto, kwa ahadi kwamba itarudishwa kabla ya chakula cha jioni. Ikivunjika ncha, huitwa fundi wa kijiweni, ambaye hutega tindo kwenye ukingo wa skrubu, akaigonga mara moja kuelekea upande wa kufungua, ikatoka kabla hajamaliza kuulizia hali za watoto.

Tangi nalo lina elimu yake. Kutu ya ndani huondolewa kwa kumimina siki, kuiacha ilale, kisha kutia kiganja cha nati na kulitikisa tangi kwa bidii. Kemia ya jambo hili haina kasoro, ila maelekezo mengi hayaelezi kwamba chuma kilichotoka kwenye siki hushikwa na kutu mpya mara tu kinapokauka kikiwa kitupu, kwa hiyo mkarabati anayelisafisha Jumamosi na kwenda kulala huamka Jumapili akilikuta limerudia rangi yake, nyumba ikiwa haina siki ya kachumbari, na nati moja ikigonga mahali fulani ndani bila kukubali kutoka.

Kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, huteseka kwa njia nyingine. Petroli iliyokaa muda mrefu hupungua na kuacha utando wa kahawia unaonata kama gundi, na utando huo huziba jeti, yaani kijishimo cha shaba kinachopitisha petroli, ambacho upana wake haufiki hata milimita moja. Fundi huizibua kwa uzi mmoja wa shaba aliouchomoa kwenye waya wa umeme. Mkarabati hutumia kijiti cha meno, na kijiti hukatikia humo.

Haki inadai isemwe kwamba vitabu mara nyingine husema kweli. Beringi ya chuma huingia kwa urahisi katika kitovu cha gurudumu kilichotengenezwa kwa alumini endapo kitovu kimemwagiwa maji yaliyochemka na beringi imegandishwa, kwa kuwa alumini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma. Beringi iliyolazwa kwenye friza pamoja na vibua hudumbukia yenyewe kwa sauti ya kuridhisha, ya pili hufuata upande wa pili, na ni baada ya kitovu kupoa na zote mbili kushika barabara ndipo mtoto anapouliza kile kibomba kilichobaki mezani, ambacho hukaa katikati ya beringi hizo, kinakwenda wapi.

Kuhusu spea, hali ni nzuri kupita kiasi. Viwanda vya China viliuchukua muundo wa injini hii na kuutumia katika pikipiki zinazobeba abiria leo, hivyo Kariakoo hakosekani muuzaji wa kusema, “Bosi, hii inaingia,” kauli ambayo ni ya kweli, ila haitaji inaingia wapi wala kwa nguvu za nani. Mkarabati hununua pistoni ya milimita 56.5, ambayo ndiyo saizi ya kiwandani, kisha huipeleka silinda Gerezani ikakerezwe, na huko huelezwa kwamba imelika hata inahitaji pistoni iliyozidi kwa nusu milimita. Anapoirudisha ile ya kwanza, muuzaji humwonyesha kwa upole maandishi yaliyo chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Gasketi angalau hazina gharama, kwani hukatwa kwa jalada la daftari lililowekwa juu ya mdomo wa injini na kugongwagongwa pembeni kwa nyundo ndogo hadi karatasi ijikate yenyewe, na kasoro yake hujulikana Jumatatu tu, mwalimu wa hesabu anapolihitaji jalada hilo.

Rangi hupigwa ndani ya chandarua kilichotundikwa uani kuzuia wadudu. Chandarua huhifadhi pia wale waliokuwa wameshaingia.

Hatimaye hufika siku ya kupiga kiki, nayo huhudhuriwa na majirani. Ikiwa bati la pointi, linaloamua wakati wa cheche kuruka, limefungwa likiwa limepinda kidogo, cheche huruka mapema mno, mlipuko huisukuma pistoni irudi ilikotoka, na pedali ya kiki hurudi pamoja nayo, ikipitia kifundo cha mguu wa mpigaji. Fundi huitwa tena, hulisogeza bati kwa unene wa ukucha, na injini huwaka. Kisha hukabidhiwa mkebe wa vilivyobaki, vile ambavyo mkarabati amevitangaza kuwa vya ziada. Bolti moja huitambua papo hapo na kuirudisha kwenye breki ya nyuma, huku akiomba mtu asiipande pikipiki kwanza. Nati mbili hudai ni za eksozi. Ile skrubu fupi yenye kichwa bapa huigeuzageuza kwenye mwanga, akasema hii si ya Honda wala si ya pikipiki yoyote, na ni wakati huo sauti inaposikika kutoka chumbani ikiuliza nani aliyelifungua gurudumu la cherehani.