Sili Inaingia, Oili Inatoka

Msimu huu wa kupukuchua mahindi, trekta langu lilikuwa linajikojolea. Wanaosoma huku wakila wanisamehe, lakini hakuna namna nyingine ya kulieleza. Lingekuwa linavuja mbele, kwenye injini, ningeelewa. Lilivuja nyuma, pale inapochungulia shafti inayozungusha mashine ya kupukuchulia. Alfajiri, kwa baridi hii ya Ufipa, oili inakuwa nzito na trekta linakaa kavu, lina adabu zake. Chuma kikishapata moto shambani, linafungulia. Ndiyo maana kila fundi niliyemwita nyumbani Mazwi asubuhi na mapema alilizunguka, akainama, akainuka, akaniambia, "Mzee, mbona halivuji?"

Ni Massey Ferguson 135. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1964, kiwandani Coventry, Uingereza, na kwa umri huo sina ugomvi nalo. Watu waliozaliwa mwaka huo nao siku hizi wana mambo yao yanayovuja. Ugomvi wangu ni na binadamu.

Majirani kwanza. Jirani yangu mmoja, mtu mzima anayeheshimika, alitazama uwanja ulivyolowa akasema, "Si ni matone tu, shemeji?" Matone tu! Oili ya nyuma kwenye trekta hili ndiyo hiyo hiyo ya giaboksi, ndiyo ya difu, na ndiyo inayonyanyua plau. Ikipungua, wewe unavuta mkono wa hidroliki na plau inakuangalia tu. Halafu kuna mahindi. Ukipukuchua na trekta linalotapika oili, punje zinazolowa zinanuka gereji, na hakuna mnunuzi atakayeamini kwamba ni harufu ya kawaida ya mahindi ya Ufipa.

Sasa twende dukani. Wauza spea wa siku hizi wanajua neno moja: "Inaingia."

"Kijana, nataka sili ya inchi moja na robo tatu."

"Hii hapa mzee, arobaini na tano. Inaingia."

Waingereza waliounda chuma hiki walipima kwa inchi. Inchi moja na robo tatu ni milimita 44.45. Hiyo nusu milimita na ushee, kwenye gunia la mahindi, si kitu. Kwa sili, ambayo kazi yake yote hapa duniani ni kubana, ni barabara ya lami mpaka Tunduma. Bila shaka inaingia! Inaingia vizuri mno. Kwa nje nako inacheza kwenye nyumba yake, na fundi anaziba lile pengo kwa silikoni, nyekundu kama kucha za bi harusi, kisha anasimama nyuma hatua mbili kuisifia kazi yake.

Ukikataa, unaambiwa uagize Mbeya. Ni zaidi ya kilomita 300, na nauli ya kwenda peke yake inanunua sili za kutosha trekta na ndugu zake wote. Kwa hiyo unatuma pesa, unasubiri kifurushi kwenye basi, kondakta hapokei simu. Mji wetu wa Sumbawanga una sifa nchi nzima kwamba tunaweza kumtumia mtu radi mahali popote alipo, hata kiangazi. Mimi nimezaliwa hapa, na hadi leo sijampata mtaalamu wa kunivutia sili moja ya mpira kutoka Mbeya.

Mafundi sasa. Wa kwanza alichomoa shafti trekta likiwa limesimama sawasawa, bila kumwaga oili na bila kuliinamisha pua kwenye mteremko. Mle ndani huingia zaidi ya lita 30. Ilibidi tuchukue mabeseni yote ya nyumbani, likiwemo la kukandia unga, na mama watoto mpaka leo akinipa maandazi ananitazama kwa namna fulani. Wa pili alikuwa mjanja zaidi. Nyuma ya mdomo wa sili kuna springi nyembamba ya duara inayoukaza kwenye shafti. Aliikata kipande, akaiunga, ikabana sana. Trekta likakauka, tukampongeza, akaondoka na pesa yake. Muda si mrefu likarudia yale yale, na zaidi.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyetazama shafti. Wote walitoa sili, wakaweka sili, wakanawa mikono kwa dizeli. Wakati kazi inaendelea, shafti ile inazunguka mara 540 kwa dakika. Kwa saa moja ni zaidi ya mara 32,000, na mdomo wa mpira unasugua mahali pale pale, huku vumbi la mahindi likiwa ndiyo msasa. Mpira unakula chuma, ndugu zangu. Unachimba mfereji. Ukishachimbika, weka sili ya dhahabu ukipenda, oili itapita chini yake. Na ile springi iliyofupishwa, kwa kubana zaidi, inachimba haraka zaidi.

Aliyekuja kulimaliza tatizo ni mzee mmoja mfupi, mpole, wa njia ya Kaengesa, ambaye majirani walikwishanionya kwamba ana bei. Hakuanza na nyundo. Alipitisha ukucha juu ya shafti, ukakwama. "Baba, umeusikia?" Niliusikia. Akatikisa shafti kupima kama beringi imelegea, haikuwa imelegea. Akatafuta tundu la kupumulia la giaboksi, akakuta limezibwa na tope gumu. Oili ikipata moto hewa hutanuka, na ikikosa pa kutokea inaisukuma sili nje. Akalizibua kwa waya.

Kisha akavisha nailoni kwenye meno ya shafti yasichane mdomo wa sili, akaupaka mdomo oili, akaelekeza upande wa springi ndani kwenye oili, na akaigonga kwa kipande cha mti, taratibu, kuzunguka pande zote. Hakuizamisha mpaka mwisho. Aliiacha nje kidogo ili mdomo ukae kwenye chuma ambacho hakijaliwa. Mfereji ungekuwa mpana zaidi, aliniambia, angevisha shafti bushi nyembamba.

Bei yake ilikuwa kweli ni bei. Nililipa nikiwa nimenuna, kwa heshima ya mila.

Trekta liko Laela sasa hivi, linapukuchua, na nyuma ni pakavu. Ninachowaomba wenye maduka ya spea hapa Sumbawanga ni kitu kimoja: nunueni vernia, muiweke juu ya kaunta, na mteja akitaja inchi, mpimieni kabla hamjafungua mdomo.