Mhadhara wa Kitaalamu Kuhusu Namna ya Kukumbuka Shule

Ndugu mgeni rasmi. Mkuu wa shule. Wajumbe wa bodi. Wazazi mliotoka Makete, Ludewa na Wanging'ombe. Nanyi wahitimu wa kidato cha nne mliovishwa mashada ya karatasi za kung'aa yanayowawasha shingo: itifaki imezingatiwa.

Ninasimama mbele yenu nikiwa Mtaalamu Mkuu wa Sayansi ya Kukumbuka Shule, cheo nilichokipata kwa ushindani mkali baada ya kuitangaza nafasi hiyo moyoni mwangu na kumkuta mwombaji ni mmoja. Utafiti wangu naufanyia kwenye mahafali. Sijawahi kualikwa, na sijawahi kukosa. Mwenyekiti wa kamati ya chakula ananifahamu kwa sura, na kwa viwango vya taaluma yangu huo ni ushahidi tosha wa ubobezi.

Nimeisikiliza risala yenu. Ni risala safi, iliyofuata njia ya risala zote: mliingia wengi, mnatoka pungufu, na upungufu huo umetokana na uhamisho, utoro na "sababu nyinginezo". Zikaja changamoto: walimu wa fizikia na hisabati hawatoshi, shule haina uzio, shule haina gari. Naye mgeni rasmi, kama ilivyo desturi, ameahidi saruji. Basi natamka kwa mamlaka niliyojipa: ikifika Krismasi, hakuna hata mmoja wenu atakayekumbuka sentensi moja ya risala hiyo, akiwemo aliyeisoma. Mtakumbuka nini, basi? Hapo ndipo anapohitajika mtaalamu. Chukueni kalamu. Wazazi nanyi mnaruhusiwa kuandika.

Kanuni ya kwanza: kinachotahiniwa husahaulika, kisichotahiniwa hudumu.

Mwezi Novemba Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973, litawaketisha kila mtu na meza yake na kuwauliza mliyofundishwa. Mtajibu. Mlikariri faida za mabwawa ya mto Tennessee kule Marekani, pointi sita na maelezo yake, huku bomba la bweni lenu likitoa hewa. Nilimwuliza mhitimu mmoja wa zamani, mtu mzima mwenye pikipiki na watoto, Tennessee iko wapi. Akajibu bila kusita: "Ukurasa wa kushoto, chini ya picha." Lakini nilipomwuliza kuhusu foleni ya maji saa kumi alfajiri mwezi Julai, baridi ya Njombe ikimng'ata vidole, alinieleza ndoo yake ilikuwa ya ngapi, ya rangi gani, nani alimruka, na nani hadi leo hajarudisha mfuniko.

Naona mwalimu wa jiografia anatikisa kichwa. Mwalimu, tulia, sayansi haina huruma.

Kanuni ya pili: mwalimu wa darasa halisi ni njaa.

Kitabu cha uraia kiliwafundisha mgawanyo wa madaraka. Dirisha la jikoni likawafundisha mgawanyo wa nyama. Mkuu wa shule huteuliwa na serikali, lakini kiranja wa chakula huinuliwa na historia, na mwiko wake una nguvu kuliko fimbo ya mwalimu wa zamu. Hapo ndipo mlipojifunza kwamba mtu asiyekusalimu Jumatatu hukuita ndugu Jumapili, siku ya wali. Kwamba ukoko hauendi kwa mwenye njaa zaidi, unakwenda kwa mwenye rafiki jikoni. Na kwamba maharage yenye wadudu, yakiliwa gizani wakati umeme umekatika, ni maharage kama mengine. Yupo kijana kati yenu atakayekuwa diwani. Hatahitaji semina elekezi.

Kanuni ya tatu: shule hufundisha kwa dhati kile inachokitumia kama adhabu, ila hufundisha kukichukia.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe jamii inayofanya kazi na kujilisha. Shule zikalisoma kwa makini na kulitekeleza kwa uaminifu: kila aliyechelewa paredi alikabidhiwa jembe. Mlilima kwa kuchelewa, mkafyeka kwa kupiga kelele, mkapalilia viazi kwa kukutwa bwenini wakati wa prepo. Leo vikao vinaitishwa kujadili kwa nini vijana hawapendi kilimo. Mimi sijaalikwa kwenye vikao hivyo, ndiyo maana haviishi.

Hali kadhalika lugha. Shule ya msingi mliusoma usanisinuru kwa Kiswahili, mkauelewa. Januari ya kidato cha kwanza mkaambiwa muendelee kuuelewa kwa Kiingereza, na atakayekutwa akiuelewa kwa Kiswahili avalishwe kibao shingoni. Matokeo ya jaribio hilo yalionekana ndani ya wiki moja: darasa lililokuwa likiuliza maswali likanyamaza, na ukaguzi ukasifu nidhamu. Aliyeendelea kuuliza aliandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele. Akiuliza tena, jina lake liliongezewa alama ya kuzidisha na namba mbili.

Nimeletewa kikaratasi kinachosema muda wangu umekwisha. Nitakihifadhi kwa ajili ya tafiti zijazo.

Kanuni ya nne: taifa lina madaraja yake, bweni lina yake.

Katika madaraja ya taifa, alama 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, na mwenye alama hizo hupigwa picha na shangazi zake. Ila msidhani kipimo hicho kilishuka kutoka mbinguni. Matokeo ya mwaka 2014 yalitolewa kwa mfumo wa wastani wa alama, wazazi wakahangaika kutafuta wa kuwatafsiria, na mwaka uliofuata madaraja yakarudishwa. Bweni halijawahi kubadili mfumo. Daraja la kwanza ni yule aliyekukatia nusu ya kipande chake cha mwisho cha sabuni. La pili ni yule aliyekuazima kandambili akaenda kuoga peku. La tatu ni aliyejua kwamba umetoroka, akaulizwa, akasema umelala. La nne ni aliyedesa kwako akakusalimia kesho yake. Na sifuri ni yule aliyetafuna karanga usiku chini ya blanketi, peke yake, akidhani sisi wengine tumelala. Cheti cha Novemba kinaweza kuungua moto, kuibwa au kughushiwa. Hilo daraja la bweni halina nakala, halikatiwi rufaa, na miaka ishirini baadaye, mkikutana stendi ya Makambako, mtalisoma usoni kwa mwenzako kabla hajafungua mdomo.

Nahitimisha kwa mtihani, maana nchini mwetu elimu isiyo na mtihani huitwa mazungumzo.

MTIHANI WA KUHITIMU SAYANSI YA KUKUMBUKA SHULE

Muda: miaka yote iliyobaki. Jibu maswali yote. Simu na vikokotozi haviruhusiwi.

Swali la 1. Risala imetaja "sababu nyinginezo". Kuna binti aliyekaa dawati la mbele kidato cha pili, na kuna kijana aliyekwenda likizo ya Juni akaishia kwenye mashine ya kupasua mbao. Wataje kwa majina yao kamili, na ueleze mara ya mwisho ulipowatafuta. (Alama 30)

Swali la 2. Mpishi wenu aliamka kabla yenu kila siku kwa miaka minne. Anaitwa nani? Jibu la "Mpishi" halina alama. (Alama 20)

Swali la 3. Ada ilifutwa, lakini godoro, tranka, sare, nauli na michango havikufutwa. Nyumbani kulikuwa na shamba la misindano iliyopandwa isubiri ikomae, ndipo ipate bei. Eleza ilikatwa mwaka gani, ikiwa na unene gani, na mnunuzi alitoa kiasi gani. Onyesha njia. (Alama 50)

Swali la tatu halisahihishwi na mimi. Msahihishaji amekaa kwenye viti vya plastiki nyuma yenu, na ratiba ya leo haikumpa nafasi ya kuzungumza. Mpelekeeni majibu kabla hajapanda basi. Atakayepata sifuri ataendelea na maisha kama mtahiniwa wa kujitegemea.